Dawati Lililosafishwa Nusu: Uchambuzi wa Kisa

Chombo chenyewe

Dawati ninalolieleza hapa si meza ya mwanafunzi. Ni kisanduku cha shaba njano, urefu wake futi moja hivi, chenye kifuniko cha bawaba. Ndani kimegawanywa: kuna handaki refu la kulazia kalamu za mwanzi, kisha pembeni vijungu vitatu, kimoja cha wino, kimoja cha mchanga wa kukaushia wino, na kimoja cha wanga wa kugandishia karatasi. Nje na ndani kimetiwa njumu. Fundi amechimba mifereji kwenye shaba njano, akazamisha humo nyuzi za fedha na za shaba nyekundu, akazigonga mpaka zikashika, zikawa maandishi, majani na maduara.

Neno letu la dawati linatoka huko huko. Waarabu hukiita chombo cha wino dawat. Sisi tulilipokea neno pamoja na chombo, na kalamu ya mwanzi ilipoondoka mikononi mwa watu likabaki kwenye meza ya kuandikia.

Majina, mji, na kila kinachoweza kuwatambulisha wahusika nimeviondoa. Familia ni ya Oman, lugha ya nyumbani kwao ni Kiswahili, na wazee wao waliishi Unguja. Mimi kazi yangu ni kuhifadhi vyombo vya kale vya madini, na katika kisa hiki nilihusika tangu simu ya kwanza. Nilihusika pia katika kosa.

Kwa nini umri wake ulikuwa na uzito

Dawati lilikuwa la karani mmoja wa Unguja, aliyeandikia watu hati za nyumba, mikataba ya mashamba na barua. Mwanawe alilirithi, akahama nalo. Mwana huyo alipofariki, warithi wakawa binti yake, ambaye nitamwita Bi Mkubwa, na kaka zake wawili. Vitu vingine viligawanywa bila taabu. Dawati likakwama, kwa sababu mfanyabiashara wa vitu vya kale aliyeonyeshwa picha alisema ni kazi ya Wamamluki, masultani wenye asili ya askari watumwa waliotawala Misri, karne ya 14.

Kauli hiyo ilibadilisha kila kitu. Dawati la kweli la zama hizo ni mali ya kuwekwa makumbusho. Lipo moja Washington, kwenye Freer Gallery, lililotiwa njumu za fedha na shaba nyekundu na fundi aitwaye Shazi mwaka 607 Hijria, yaani 1210 hadi 1211, kwa ajili ya waziri Majd al-Mulk al-Muzaffar wa Khurasan. Lipo jingine British Museum, la mwaka 1281, la fundi Mahmud ibn Sunqur, lenye sayari na buruji kwa dhahabu na fedha. Chombo cha daraja hilo hakiwezi kukatwa vipande vitatu, kwa hiyo kingeuzwa, fedha zigawanywe kwa mafungu ya mirathi. Bi Mkubwa hakutaka kuuza. Kaka zake hawakutaka kumwachia kitu cha thamani hiyo bure. Ndipo nilipopigiwa simu na mjukuu wake, ambaye hapa nitamwita Kijana.

Yaliyotokea, kwa mpangilio

Kijana alinitumia picha kwa simu. Maandishi yalionekana nusunusu chini ya ukungu mweusi. Nikamjibu, na maneno yangu ninayo bado: "Futa vumbi kidogo ili maandishi yasomeke, kisha piga tena."

Nilichokimaanisha ni brashi laini, kavu. Yeye alisikia neno "futa". Akanunua kopo la dawa ya kung'arishia shaba, akachukua mswaki, akaanza. Alianzia kulia kuelekea kushoto. Kifuniko kikang'aa, fedha ikatokea kama mpya, naye akaona anafanya kazi nzuri. Halafu akafungua kijungu cha wino, akakuta ndani bonge gumu jeusi lenye nyuzinyuzi. Akalimiminia maji ya moto.

Bi Mkubwa aliingia jikoni wakati maji meusi yakizunguka kwenye sinki. Baadaye alinisimulia mwenyewe. Aliuliza, "Hicho nini?" Kijana akasema, "Uchafu, Bibi." Naye akamwambia, "Huo ni wino wa babu yangu. Acha."

Kijana akaacha hapo hapo. Upande wa kulia ulikuwa umesafishwa, wa kushoto haujaguswa. Kijungu cha wino kilikuwa kitupu. Vijungu vya mchanga na wanga vilikuwa bado vimefungwa kwa kutu.

Nilifika siku ya pili yake. Nilipomsalimu Bi Mkubwa shikamoo, aliitika marahaba na kunikalisha, kisha akaniwekea dawati mapajani bila kusema neno. Kwenye upande wa kulia, ule mweusi uliojaza uwanda kati ya njumu ulikuwa umetoka karibu wote. Huo haukuwa uchafu. Tangu mafundi wa miji ya Herat na Mosul, uwanda wa nyuma ulijazwa kitu cheusi mfano wa lami ili fedha iwake juu yake kama mwezi usiku. Ukiuondoa, fedha na shaba njano hubaki zikishindana kwa mng'ao na maandishi hayasomeki vizuri. Nilikuwa nimeomba maandishi yasomeke, na nusu nzima ilikuwa haisomeki kuliko mwanzo.

Uamuzi wa kwanza: tusiguse tena, na tuanze na kusoma

Familia ilitaka vipimo vya maabara mara moja. Nilikataa, nikaomba siku moja ya kusoma kwanza. Sababu yangu ilikuwa hii: kipimo cha madini hujibu swali moja tu, yaani shaba hii ina nini. Maandishi na nembo hukuambia uulize swali gani. Ukianza na mashine utapata tarakimu, na kila mtu atazitafsiri kwa faida yake.

Maandishi yaliyozunguka kifuniko yalikuwa ya mwandiko wa Kiarabu uitwao thuluthi, mistari mirefu ikisimama wima kama mikuki, na yalikuwa yanataja sifa za amiri: al-maqarr al-karim, al-ali, al-mawlawi, kisha al-maliki al-nasiri. Hilo la mwisho maana yake ni mtu wa mfalme aitwaye al-Nasir. Mfanyabiashara alikuwa ameliona neno hilo na kuamua kwamba ni al-Nasir Muhammad ibn Qalawun, aliyetawala Misri kwa vipindi vitatu kati ya 1293 na 1341. Ndipo ilipotoka karne yake ya 14.

Lakini katikati ya kifuniko palikuwa na nembo: ngao ya mviringo yenye mikanda mitatu. Juu kitambaa kilichokunjwa, katikati kikombe kilichochorwa dawati ndani yake na pembe mbili ubavuni, chini kikombe kingine. Alama hizi, ukiacha pembe, ni za vyeo vya kasri. Kikombe ni cha mnyweshaji wa sultani, kitambaa ni cha msimamizi wa mavazi, na dawati ni la dawadar, yaani mshika dawati, amiri aliyesimamia barua na amri za sultani. Kwa Wamamluki kushika dawati la mfalme ilikuwa daraja kubwa la nchi, nami husikia fahari kidogo kila ninapoiona alama ya kalamu imekaa juu ya ngao ya askari.

Zamani za Ibn Qalawun amiri aliweka alama ya cheo chake kimoja. Ngao iliyorundika alama zote pamoja ni ya mwisho wa karne ya 15, zama za Sultani Qaytbay na waliomfuata. Basi mfalme wa 1341 na nembo ya miaka zaidi ya mia baadaye vimekaaje juu ya kifuniko kimoja?

Hapo mtu mwenye haraka angesema chombo ni cha uongo, tumemaliza. Mimi mwenyewe nilikaribia kusema. Kilichonizuia ni kwamba al-Nasir hakuwa mmoja. Yuko al-Nasir Hasan, yuko al-Nasir Faraj, na yuko al-Nasir Muhammad mwana wa Qaytbay, aliyetawala 1496 hadi 1498. Kwa huyo wa mwisho nembo na jina vinapatana kabisa. Neno la mwisho la maandishi lilikatika kwenye pembe kwa kukosa nafasi, na hilo pia si ushahidi, maana mafundi wa kale hasa walikata sifa katikati nafasi ilipowaishia.

Uamuzi wa pili: madini

Sasa swali lilikuwa wazi. Ama ni kazi ya mwisho kabisa ya Wamamluki, jambo ambalo lingekuwa adimu, ama ni kazi ya karne ya 19 iliyochanganya vitu viwili vizuri kwa bahati.

Uadimu huo una sababu. Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Cairo aliyefariki 1442, ameandika kuhusu soko la mafundi wa njumu mjini mwake. Anasema zamani hapakuwa na nyumba isiyo na vyombo vyao kadhaa, na kwamba wakati wake matumizi yalikuwa yamepungua, huku watu wakinunua vyombo vya zamani na kung'oa njumu zake wapate faida. Kwa hiyo kulikuwa na uwezekano wa tatu, ambao familia haikuufikiria: mwili wa kale ulionyang'anywa fedha yake, kisha ukatiwa njumu mpya miaka mia nne baadaye. Hapo kusoma maandishi peke yake kusingetosha, maana njumu mpya juu ya mwili wa zamani hudanganya jicho lililozoea.

Tulipima kwa mashine ya eksirei ya mkononi, sehemu tatu: juu palipong'arishwa, chini pasipoguswa, na ukingo wa ndani. Nilichagua sehemu tatu kwa sababu mashine hii husoma ngozi ya juu tu, na dawa za kung'arishia huichokoza ngozi hiyo. Kote kuwili, palipong'arishwa na pasipoguswa, zinki ilizidi thuluthi ya shaba yote.

Kiwango hicho kina hadithi yake. Zinki hugeuka mvuke kwenye nyuzijoto 907, kabla shaba nyekundu haijayeyuka, ambayo huhitaji 1085. Kwa hiyo mafundi wa kale hawakuyayeyusha madini haya mawili pamoja. Walifunga shaba nyekundu chunguni pamoja na mawe yenye zinki na makaa, wakaacha mvuke uingie ndani ya shaba. Njia hiyo kwa kawaida haifikishi zinki zaidi ya asilimia 28 hivi. Ili kuzidi hapo sana unahitaji zinki iliyokwisha kutengwa, na shaba ya namna hiyo ndiyo iliyojaa masoko ya karne ya 19. Tulipima pia unene wa bati kwa kipimo cha taya, mahali kumi. Ulikuwa sawa kila mahali. Bati lililofuliwa kwa nyundo halitoki sawa hivyo. Hili lilipitishwa kwenye roli za kiwandani.

Baada ya hapo hata njumu zenyewe zilianza kusema. Zama ambazo nembo ile inadai, fundi wa Cairo aliyetaka rangi ya pili pamoja na fedha angetia dhahabu. Hapa ilikuwa shaba nyekundu, rahisi na nzuri, kama walivyofanya mafundi wa Cairo na Damascus wa mwisho wa karne ya 19 walipofufua mtindo wa Kimamluki. Walikuwa na mifano ya kuiga mbele ya macho yao: kamati ya kuhifadhi majengo ya kale ya Cairo iliundwa 1881, na meza ya shaba ya Ibn Qalawun, iliyotengenezwa 1327 hadi 1328 na Muhammad ibn Sunqur al-Baghdadi, ilinakiliwa mara nyingi. Sifa ya al-Nasiri ilikuwa mikononi mwao siku zote. Nembo ya mikanda mitatu nayo wangeweza kuiona kwenye majengo ya maamiri wa zama za Qaytbay.

Uamuzi wa tatu: vijungu viwili vilivyobaki

Huu ndio uamuzi ninaouthamini kuliko yote, na haukuwa wangu. Nilipokuwa nafunga vifaa, Bi Mkubwa aliuliza, "Na humo mlimobaki, mwanangu, hutazami?"

Tulifungua kijungu cha mchanga bila maji, kwa kijiti cha mwanzi na subira ya karibu saa nzima. Ndani mlikuwa na mchanga mweupe, kiasi cha kijiko. Kwenye hadubini punje nyingi zilikuwa vipande vya gamba na tumbawe. Punje mbili tulizozitenga zilitoa povu chini ya tone la asidi, kama itakiwavyo kwa mchanga wa pwani. Mchanga wa namna hiyo upo Unguja na upo Oman, kwa hiyo haututajii mji. Unatuambia kwamba aliyejaza kijungu alichota ufukweni, akanyunyizia juu ya hati mbichi, akaukung'uta urudi chomboni. Punje kadhaa zilikuwa na weusi wa wino.

Cha wanga kilikuwa na utandu mkavu, wa rangi ya maziwa yaliyochacha, wenye mkwaruzo wa kidole.

Na lile bonge lenye nyuzi lililooshwa nililielewa hapo, nimechelewa. Waandishi wa kale walitia ndani ya wino pamba ya hariri au sufi, Waarabu huiita lika, ili kalamu inywe kiasi na isidondoshe. Al-Qalqashandi, karani wa diwani ya Cairo aliyefariki 1418, ameihesabu katika maelezo yake ya vifaa vya mwandishi, na anataja ala kumi na saba za dawati, kila moja jina lake likianza na herufi mim: kisu cha kuchongea, kibao cha kukatia ncha, kifutio, rula, kinoo na nyinginezo. Anasema pia kwamba makarani wa zama zake walipendelea madawati ya shaba njano na ya chuma cha pua. Karani wetu wa Unguja aliishi miaka karibu mia tano baada yake na alikuwa bado anatia lika kwenye wino. Nyuzi hizo ziliteremka na maji ya moto kwenye bomba la jikoni.

Matokeo

Nilitoa jibu langu mbele ya familia nzima: kazi ya Cairo au Damascus, mwisho wa karne ya 19 au mwanzo wa ya 20. Kaka mmoja akasema, "Kumbe bandia." Kijana akainamisha kichwa. Mfanyabiashara alipopata habari hakupiga simu tena.

Kuhusu mirathi, thamani iliposhuka ugomvi ulipungua. Kaka wote wawili walikubali dawati libaki kwa Bi Mkubwa na likadiriwe kwa bei ya kawaida ndani ya fungu lake.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kusoma kabla ya kupima kulifaa. Kama tungeanza na mashine, zinki ingetupa jibu sahihi, lakini tusingejua kwa nini mfanyabiashara alikosea, na familia ingebaki na picha yake dhidi ya tarakimu zangu. Kujizuia mbele ya ule mgongano wa jina na nembo kulifaa pia. Ningetangaza "uongo" kwa hoja hiyo peke yake, na mtu anayewajua masultani angenipindua kwa sentensi moja.

Kilichoshindikana kikubwa ni sentensi yangu ya simu. Nilimwambia mtu asiyejua kazi hii afute, bila kusema sababu, kwa kifaa gani kikavu, na wapi aishie. Kijana hakukosa utii, alinitii. Nyumba zetu za pwani zimezoea shaba ing'ae. Tumelelewa kusugua sinia kwa ndimu na ukwaju mpaka uone uso wako. Nilipaswa kulikumbuka hilo. Tangu siku hiyo nikiombwa picha kwa simu ninasema: usifute, usioshe, usifungue kilichofungwa, taa tu, kutoka ubavuni, na picha nyingi. Mwanga wa ubavuni ungenipa maandishi yale bila mswaki.

Kosa la pili nililifanya nikiwa nimekaa kwenye zulia lao. Nilianza jibu langu na maneno "si ya kale". Kaka akamalizia mwenyewe kwa "bandia". Neno hilo halikuwa haki. Bandia ni chombo kilichotengenezwa kimdanganye mnunuzi. Hili lilitengenezwa na mafundi waliojua kuzamisha fedha ndani ya shaba kwa mkono, wakaliuza kwa mtu aliyetaka chombo cha kuandikia, naye akaandikia. Madawati mengi ya kale yaliyomo makumbusho yameshapoteza wino wake. Hili lilikuja likiwa nao, na ningeanza na hapo, mazungumzo ya chumbani yangekwenda njia nyingine.

Kulikuwa na faida moja ambayo hakuna aliyeipanga. Kwa kuwa Kijana aliachishwa katikati, chombo hiki sasa kinaonyesha kwa jicho tupu dawa ya kopo hufanya nini kwa njumu: kulia nyuzi za fedha zimepungua ukingoni na uwanda umebaki mtupu, kushoto maandishi bado yanaelea juu ya weusi wao. Nimewaonyesha wanafunzi wawili picha za kifuniko hiki, na sikulazimika kueleza mengi. Kijana mwenyewe alinisaidia kuzipiga.

Bi Mkubwa aliniomba niandike kadi ya kukaa ndani ya kasha pamoja na dawati, ili atakayelirithi asianze upya. Tuliiandika pamoja, yeye akinisahihisha:

"Dawati la shaba njano, njumu za fedha na shaba nyekundu. Cairo au Damascus, mwisho wa karne ya 19 au mwanzo wa ya 20, kwa mtindo wa Wamamluki. Lilitumiwa na karani, Unguja. Mchanga na wanga ni wake; wino wake uliooshwa ulikuwa na lika. Upande wa kulia umesafishwa. Upande wa kushoto usisafishwe."